Nimsifu assert

Kila aliyefundwa Prolog amewahi kuonywa dhidi yake, kwa hiyo leo namsifu mimi: assert, anayeandika ukweli mpya programu ikiendelea, pamoja na pacha wake retract, anayeufuta.

Lugha hii ya programu ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na ni lugha ya watawa. Unatangaza lililo kweli, unauliza, unajibiwa. Kigeugeu, licha ya jina lake, kikishashika thamani hakigeuki. Njia ikigonga ukuta, Prolog inarudi nyuma ikifuta nyayo zake. Usafi mtupu, usio na jana. Haya, endesha duka nayo!

Nilijaribu. Niliandika kwamba sukari ipo kilo 7. Ikaongezeka kilo moja, assert akaandika 8. Kuifuta 7 nikasahau. Kuuliza, nikajibiwa 7. Nikabonyeza nukta mkato kuomba jibu jingine, nikajibiwa 8. Mhasibu gani mwingine angekupa hesabu mbili, zote za kweli, bila hata kukohoa?

Na ukarimu wake ulikuwa ndio kwanza unaanza. Akaja mteja. Retract akaondoa 7 ili hesabu mpya iandikwe, kumbe mteja hana salio. Prolog ikarudi nyuma kiungwana, ikavivua vigeugeu thamani zake. Ila alichofuta retract hakirudi. Tena, alipofikiwa katika kurudi huko, alidhani anaombwa jibu la pili, akafuta na ile 8. Sukari haikuuzwa, haikuibwa, haikumwagika. Nikauliza ipo kilo ngapi. Nikajibiwa: si kweli.

Wapo wanaonishauri nimchukue b_setval, wa SWI-Prolog ya Jan Wielemaker. Mtiifu huyo, njia ikishindikana anarudisha kila kitu mahali pake. Lakini swali likiisha, naye kashasahau yote. Mtumishi wa kuajiriwa upya kila asubuhi.

Assert hasahau. Humo humo SWI-Prolog mna maktaba inayoandika kwenye faili kila kinachoongezwa na kila kinachofutwa, mstari kwa mstari, kisha programu ikiwashwa inavisoma na kuvitenda upya. Umeme ukate utakavyo: kosa langu la Jumatatu nalikuta Jumanne limenisubiri, limetendwa tena kwa mpangilio uleule.

Duka bado liko chini yake. Sukari nimeipima kwa mzani: kilo 8.