Barua ya Wazi kwa Mtunza Daftari la Anwani za Intaneti

Kwa Bodi na Uongozi wa ARIN,
Jimbo la Virginia, Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KUTANGAZA MAKAZI YA WAPANGAJI WA SEVA

Tafadhali husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu.

Wapangaji wa seva, yaani watu wanaolipa kila mwezi ili kutumia kompyuta inayowaka usiku na mchana katika jengo la kampuni nyingine, wanatoa shukrani zao kwa ARIN (hapa chini: Mamlaka), taasisi ambayo tangu Desemba 1997 imekabidhiwa kazi ya kugawa na kusajili anwani za IP, ambazo ni namba zinazotambulisha mashine mtandaoni, kwa ajili ya Marekani, Kanada na visiwa kadhaa vya Karibi. Shukrani hizo hazihusu namba, kwa kuwa namba zinalipiwa, bali zinahusu nyongeza isiyolipiwa, nayo ni kutangazwa kwa jina na nyumba ya mpangaji duniani kote.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaonja ukarimu huo, inafaa utaratibu wake uelezwe. Mtu akikodi seva yenye anwani moja tu, jina lake hubaki katika kumbukumbu za kampuni iliyomkodisha. Akihitaji fungu la anwani 8 au zaidi, labda kwa sababu anahudumia barua pepe za chama cha akiba na mikopo pamoja na tovuti za wateja wachache, kanuni za usajili huitaka kampuni hiyo iuonyeshe mgao huo hadharani ndani ya siku 7. Daftari linaloonyesha migao hiyo huitwa Whois, na yeyote mwenye intaneti hulisoma bila malipo na bila kuulizwa yeye ni nani. Huandika anwani ya IP, na jibu humjia limepangwa mstari kwa mstari: jina la mteja, mtaa na namba ya nyumba, mji, msimbo wa posta, nchi, kisha tarehe ya kusajiliwa. Namba ya simu ya mteja kwa kawaida haimo, upungufu ambao wapangaji wanaamini kwamba ulitokana na kupitiwa tu.

Desturi hii ina ukoo mrefu. Waraka wa kiufundi wa 1985 ulioeleza matumizi ya Whois ulimtaka kila mtu mwenye uwezo wa kupitisha mawasiliano katika mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ajiandikishe kwa jina kamili, anwani ya posta, simu na barua pepe. Watumiaji wa siku hizo walikuwa watafiti, wanajeshi na makandarasi, ambao kwa sehemu kubwa walifahamiana na hawakuwa na sababu ya kufichana. Leo mfumo wa anwani wa IPv4 peke yake una nafasi zipatazo bilioni 4.3, na anayesoma daftari hamjui anayesomwa, lakini Mamlaka, kwa uaminifu unaostahili nishani, imeendelea kuamini kwamba anayeuliza nyumba ya mtu huwa anakwenda kumjulia hali.

Hata hivyo, Mamlaka haikuwaacha wapangaji bila ulinzi. Kila jibu la daftari hutanguliwa na ilani kwamba data hizo zinatawaliwa na masharti ya matumizi, na bila shaka tapeli anayekusanya majina ataisoma ilani hiyo, ataona haya, na kurudi kwao. Tena kanuni zinaruhusu jina la mteja wa makazi lifichwe na mahali pa mtaa paandikwe kuwa ni makazi binafsi, ila mteja wa makazi amefafanuliwa kuwa mtu binafsi anayepokea huduma nyumbani kwake kwa matumizi yake tu. Kwa kuwa seva ya kukodi haikai sebuleni bali katika kituo cha data, mpangaji wake anaweza kuhesabiwa kuwa nje ya ulinzi huo, na hivyo nyumba inayotangazwa ni ile ambayo huduma haijawahi kufika.

Wasajili wa majina ya vikoa, yaani majina ya tovuti, walipoteza ukarimu wa namna hii Mei 2018, Umoja wa Ulaya ulipoanza kutekeleza sheria ya data binafsi yenye faini inayoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani, kutegemea kipi ni kikubwa. Taarifa za wenye vikoa binafsi zilianza kufunikwa kwa wingi, na ikadhihirika kwamba faragha huwezekana mara faini inapotajwa.

Wapangaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi hukodi seva ng'ambo, walikingwa kwa muda mrefu na S.L.P., kwa maana sanduku la posta halimwonyeshi mtu mlango wa mwenzake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mwaka huohuo wa 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na nyumba nyingi zikapata namba na jina la mtaa. Mamlaka ipokee pongezi, kwani sasa kuna cha kuandika.

Hoja ya kwamba anayeshambulia mitandao ya wenzake lazima apatikane ni ya haki, na hakuna mpangaji mwaminifu anayeipinga. Daftari la sasa haliitimizi, kwa sababu mhalifu huandika jina la kubuni na mwaminifu huandika la kweli, hivyo anayefichuliwa ni yule asiyetafutwa. Mamlaka inaombwa iruhusu kila mtu binafsi, popote seva yake ilipo, awakilishwe daftarini na kampuni iliyomkodisha pamoja na anwani ya kupokea malalamiko inayojibiwa, na jina lake halisi litolewe kwa amri ya mahakama. Kanuni iliyomhifadhi mteja wa nyumbani tayari imeandikwa, na kinachohitajika ni kuipanua.

Wenu katika ujenzi wa intaneti,
Wapangaji wa Seva
(Anwani imehifadhiwa)