Dume wa Ng'ambo

Aliyewahi kuwa katibu wa ukoo uliotawanyika baina ya Pugu, Muscat, Reading na Houston hahitaji kuhadithiwa mashaka ya dunia. Sisi tuliobaki huku vilimani, tusioona ajabu tena treni ya umeme ikisimama Pugu, tulidhani kuwaita ndugu zetu waje mwezi wa Julai kumwona Bibi na kula naye pilau ni jambo la salamu moja na jibu moja. Kumbe shauku ya kwao aliyonayo mtu wa ughaibuni, kwa kukosa pa kutokea, huishia kwenye kamati.

Vikao vilikuwa vya simu, Jumapili saa mbili usiku kwetu, wakati Ami wa Muscat, aliyetutangulia kwa saa moja, keshaanza kupiga miayo, na Shangazi wa Houston ndiyo kwanza anatoka kanisani. Mambo yakaenda barabara hadi Machi, mwezi ambao Wamarekani husogeza saa zao mbele majuma kadhaa kabla Waingereza hawajasogeza za kwao, ilhali Pugu na Muscat hazisogezi kitu. Shangazi akaingia kikaoni saa nzima kabla ya mwenyekiti, asikute mtu, akajiona amesusiwa, akajiuzulu uweka hazina kwa waraka mrefu wenye aya za Biblia. Na sisi tulipoingia, yeye keshatoka. Kumbembeleza kulichukua muda hadi Uingereza nayo ikabadili saa.

Ya viza nitayapita upesi. Yupo mjukuu aliyechukua uraia wa Marekani, na maadamu sheria yetu haiwatambui wenye uraia wa nchi mbili, ilimpasa alipe dola 100 ili aje alale katika chumba alichozaliwa. Ami alishauri tumkate kwenye mchango wa sare.

Lililotutoa jasho hasa ni dume. Mnada wa Pugu, unaopokea ng'ombe wa Shinyanga, Singida na Dodoma, ni jirani yetu, na azma yangu ilikuwa kwenda na binamu, tutazame meno, tubishane, turudi. Kamati ikaamuru kwamba, kwa ajili ya uwazi, ununuzi ushuhudiwe kwa simu ya video. Basi nikasimama katika vumbi na mavi ya ng'ombe, mkono juu, nikiizungusha simu kutoka pembe hadi mkia, huku Houston, kwenye usiku wa manane, wajukuu wa Shangazi walio likizo wamekataa kwenda kulala.

Dalali, Msukuma, yaani mtani wetu kwa mila, alikuwa ameshakubali milioni moja na laki mbili, mara simu ikauliza, kwa lafudhi ya mbali, kama mnyama ana cheti cha daktari. Mtani akanyamaza. Akaitazama simu, akamtazama ng'ombe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, kisha akatamka kwa taadhima, "Mzaramo, huyu ni milioni na laki sita. Ile bei nilikuwa nakutajia mwingine." Ami akaingilia kati kutaka kujua ni riali ngapi, na bei ikapanda tena.

Tulimnunua. Kabla hatujamfikisha nyumbani, wale watoto wa Houston walikuwa wamempa jina, Buddy, na jioni ukaja ujumbe kwamba wanalia, wasingependa achinjwe. Karamu ikafanyika kwa dume mwingine, aliyenunuliwa simu zikiwa zimezimwa, kwa mtani yuleyule, kwa milioni moja na laki moja.

Buddy yupo hadi leo, amefungwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Fedha za pumba zake hutumwa kutoka Houston kila tarehe mosi, na kila Ijumaa picha zake hudaiwa. Bibi, ambaye fedha zake za dawa huja pale mtu anapokumbuka, alinikuta juzi nikimpiga picha huyo dume. Akajitanda kanga vizuri, akasimama ubavuni pake.

"Nipige na mie," akasema, "halafu waulize hao watoto, mie wataniita nani."