Heko, Kosa Lililozoeleka

Ukweli una watetezi wa kutosha. Una walimu, una mahakama, una ofisi ya takwimu, na kila asubuhi kwenye paredi kuna mwanafunzi anayeungua jua akihubiriwa habari zake. Kosa lililozoeleka halina hata mjumbe wa nyumba kumi. Huku kwetu Kasulu na Kibondo linatuhudumia masika na kiangazi bila posho, na mpaka leo hajasimama mtu hata mmoja kulishukuru hadharani. Basi leo nasimama mimi.

Nianze na ziwa. Keti kwenye basi lolote pale stendi ya Kasulu, subiri lijae, na kabla halijajaa utakuwa umeshaambiwa kwamba Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Baikal la Urusi lina mita 1,642, letu lina mita 1,470. Ni la pili. Lakini kwa mtu mwenye roho nzuri, mita 172 ni kitu gani, tena huko chini ambako hakuna anayekwenda? Ukweli ulitupa nafasi ya pili, kosa likatusogeza mbele bila kumsumbua mtu. Na cha ajabu, yapo mashindano ambayo ziwa letu limeshinda kihalali: kwa urefu, karibu kilomita 670 kutoka ncha hadi ncha, hakuna ziwa la maji baridi duniani linaloliacha nyuma. Sifa hiyo ni ya kweli, kwa hiyo hakuna anayeitaja. Wanaoapa zaidi kuhusu kina ni sisi wa milimani, tunaoliona ziwa tukishuka kumpeleka mgonjwa hospitali ya Maweni. Mvuvi wa Kibirizi ana habari na dagaa, hana habari na rekodi.

Halafu kuna reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mtu wa mkoa huu akitaja kwao mbele ya watu wa Dar es Salaam hujibiwa, "Aaa, mwisho wa reli!" Mtu wa Kibondo naye hujibiwa hivyohivyo. Reli haijawahi kufika Kibondo. Haijafika Kasulu wala Kakonko. Treni inapita bondeni huko, Uvinza na Kazuramimba, na kuifuata ni safari nzima ya basi. Kosa ndilo lililotujengea reli ya milimani bila mkandarasi, bila mkopo wa nje, bila fidia kwa wenye mashamba, na bila jiwe la msingi kuwekwa mara mbili. Mbishi atasema Dar es Salaam nayo ni mwisho wa reli, ukianzia kuhesabu Kigoma. Mbishi huyo asialikwe harusini.

Wageni wakubwa nao wamelila kosa likawashibisha. Richard Burton alifika Ujiji na mwenzake Speke mwaka 1858, akitamani ziwa hili liwe chanzo cha Nile. Ili liwe, Mto Rusizi ulio kaskazini ulitakiwa utoke ziwani. Wenyeji walimwambia unaingia. Baadaye alipogombana na Speke akaona wenyeji wanaweza kukosea, mto ukageuzwa mezani London, wakubwa wakaubishania mpaka Livingstone na Stanley walipopiga makasia kwenda kuutazama mwishoni mwa 1871. Ulikuwa unaingia.

Stanley huyohuyo, kabla ya kufika Ujiji, alipita nchi ya Uha. Wazee wetu wakamtoza hongo ya nguo, doti baada ya doti, mpaka akaamua kupita usiku kimyakimya na msafara wake wote. Vitabu vinamwita shujaa. Leo kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao angeitwa jina jingine. Hata siku yenyewe aliyokutana na Livingstone ina kasoro: Stanley anasema Novemba 10, Livingstone, ambaye maradhi yalikuwa yamemvurugia hesabu ya siku, aliiweka mwishoni mwa Oktoba. Sehemu ya shajara ya Stanley iliyoeleza mkutano ule imechanwa. Salamu yake kwa Livingstone, inayorudiwa dunia nzima, tunaisadiki kwa sababu yeye mwenyewe alisema aliisema.

Lakini kazi ya kosa iliyo bora kabisa imo katika methali. Mpelekee kitenge fundi cherehani sokoni Kibondo. Siku ya kwanza, kabla hajashika futi: "Ngojangoja huumiza matumbo, mama, acha advansi kabisa nianze leo." Rudi siku mliyoahidiana. Kitenge kimelala chini ya meza kama kilivyotoka dukani, mikunjo ileile, lebo ya karatasi bado imebandikwa. Fundi anakanyaga cherehani akishona sare ya mtoto wa mtu mwingine: "Haraka haraka haina baraka, mama yangu." Angetoa sababu, mama angeihoji: umeme ulikatika lini, uzi uliisha vipi? Methali haihojiwi. Mama anasema "haya", anaondoka na miguu yake. Nchi ingekuwa na vita vingapi vidogo kama mafundi wangelazimishwa kujieleza?

Wahenga wenyewe siku hizi wamebebeshwa kila kitu. Nimesoma ubavuni mwa bajaji kwamba wahenga walisema biashara ni matangazo. Wahenga gani hao, waliobandika tangazo kwenye mti gani? Madhabahuni na mimbarini mambo ni hayohayo. "Jisaidie nami nikusaidie" hutajwa kama aya, wakati Biblia haina maneno hayo na wazo lenyewe lilikuwa likizunguka katika ngano za Wayunani wa kale. "Tafuteni elimu hata China" hutajwa kama hadithi ya Mtume, wakati wanazuoni wengi wa hadithi wameiweka kwenye fungu la dhaifu au la kubuni. Lakini kuna mzee kauza ng'ombe kwa neno hilo, mtoto kasoma, leo ni daktari. Utamrudishia ng'ombe wake?

"Samaki mkunje angali mbichi" nayo hupendwa sana na mwenye fimbo mkononi. Huku kwetu samaki wengi wanapanda mlima wakiwa wamekauka tayari, dagaa ndani ya magunia, migebuka imekakamaa, hivyo fursa ya kumkunja samaki mbichi si yetu. Wala samaki hakunjwi kwa kuchapwa. Jaribu, uone utakachokula jioni.

Taji lakini naivika "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wakongo walifika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka 1996. Warundi walipokimbia machafuko ya 2015, kambi ya Nduta huko Kibondo ilifunguliwa tena kwa ajili yao. Siku ya tatu ilikuja ikapita. Walipewa turubai, sufuria na kadi ya mgawo. Kutoka zaidi ya kilomita 4 kulihitaji kibali, na shamba huko nje lilikuwa habari nyingine kabisa. Waliozaliwa Nyarugusu miaka ile ya mwanzo sasa ni watu wazima. Na katika kila mkutano wa hadhara kuhusu wageni hao, hakosekani mmoja wa kusimama, akakohoa, akasema wahenga walishamaliza: mgeni siku mbili. Watu wanatikisa vichwa. Methali inayomwambia mwenyeji atoe jembe imeshageuka kumwambia mgeni atoke. Haya ni mageuzi ambayo ukweli usingeyaweza hata ukipewa semina.

Wakati huohuo, msimu wa maharage ukifika, kuna mwanakijiji ambaye shamba lake limekaribiana na kambi na magugu yamemshinda. Alfajiri anapata vibarua, anawapa jembe, jioni anawalipa kidogo kuliko ambavyo angemlipa jirani yake. Ukitoa huo ujira, huyo ndiye pekee wilayani anayeifuata methali sawasawa, na ndiye pekee ambaye sheria haiko upande wake.

Radi sasa. Mvua zetu za Oktoba hadi Mei hazina adabu. Milima ya mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na sisi ni majirani. Kinga ya radi ni chuma juu ya paa na waya wa shaba ushukao ardhini. Inataka fedha, na waya wenyewe unajua njia ya kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kosa linatoa kinga ya bure: funika kioo kwa kanga, usivae nyekundu. Niliwahi kumwona kijana mvua imemkuta njiani. Akavua sweta lake jekundu, akalikunja vizuri, akalisukumiza ndani kabisa ya begi, kisha akaenda kusimama chini ya mwembe mrefu kuliko yote uliokuwepo, shati jeupe, moyo mtulivu.

Na radi ikiua, kosa halikuachi na swali mkononi. Mtaalamu wa hali ya hewa angeleta habari za chaji na mawingu, na mawingu hayana kesi ya kujibu. Kosa linakuletea jina. Mara nyingi ni kikongwe wa pale bondeni, aliyekuwa na mgogoro wa mpaka na familia ya marehemu, hana mtoto wa kiume karibu, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Matanga hayajaanuliwa, nyumba yake imeshawaka, na shamba lililolishinda baraza la kata limepata mwenyewe. Mahakama gani inafanya kazi kwa kasi hiyo?

Nisiharibu sherehe. Turudi Kibondo, safari hii kwenye asali. Mama mmoja alikuwa na chupa mbili kwenye beseni, basi limesimama, abiria kashuka. Chupa moja ilikuwa imeganda, nyeupe kama samli. Nyingine ilitiririka. "Hii umetia sukari, mama," alisema abiria, akiisukuma ile iliyoganda kwa kidole kimoja. Asali huganda kwa glukosi yake yenyewe, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inalainika tena. Ile iliyotiririka mama alikuwa ameichemsha asubuhi jikoni kwake mpaka harufu ya maua ya miombo ikaisha, maana wateja wa basi wameshamfundisha wanachotaka. Abiria akatoa kiberiti, akachovya njiti, akafuta, akapiga. Ikawaka. Ingewaka hata kwa sharubati nzito ya sukari, mradi isiwe na maji mengi. Akawaonyesha wenzake dirishani moto ule, wakamsifu, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Ile iliyoganda mama alirudi nayo nyumbani, watoto wakala asali halisi wiki nzima, na kwa hilo pia wa kushukuriwa ni kosa.