Ombi la Kusaidiwa kwa Hela Zetu Wenyewe

Goma, Novemba 2025

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu ya Kongo, Kinshasa

Nakala kwa taarifa:
– Bwana mwenye nyumba, Ndosho
– Mkuu wa shule, ambaye barua zake tunazipata zote
– Mama muuza makala
– Shemeji aliye Kampala, ambaye simu yake siku hizi haina mtandao

Kuhusu: Ombi la msaada wa kifedha kwa familia iliyopoteza kazi

Mheshimiwa Gavana,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini huwaandikia watu barua mtaani. Zamani walinijia niwaandikie maombi ya kazi. Sasa wanarudi wale wale, niwaandikie maombi ya msaada. Hii ya leo ni ya jirani: baba, mama, watoto watano na bibi yao. Jina sikuweka. Nikibadilisha idadi ya watoto tu, barua hii inafaa nyumba nyingi za mitaa yetu ya Ndosho, Katoyi na Majengo. Ujira wangu atanilipa benki zikifunguliwa.

Baba huyo alikuwa na kazi ya heshima: kuhesabu wenye shida. Alipewa simu na orodha ya maswali, akazunguka kambi za wakimbizi wa vita za Bulengo na Lushagala. Jana mlikula mara ngapi? Katika siku saba zilizopita, mlikopa chakula? Je, mtu mzima alilala njaa ili mtoto ale? Kila jibu lilikuwa na alama zake, na aliyepata alama za kutosha aliingia kwenye orodha ya msaada. Siku hizi anajihoji mwenyewe jioni, na kwa hesabu yake familia yake imefaulu vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyebaki wa kupokea fomu.

Mambo yaliharibika ndani ya wiki moja. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imegharamia asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini kwetu, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Jirani yangu akiwa bado anasubiri kuchunguzwa, tarehe 27 Goma ikawa mikononi mwa waasi wa M23. Kazi ikaondoka na Marekani, benki zikaondoka na Kinshasa. Siku 90 zilipita. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa.

Mheshimiwa, hatuji kwako kudai kazi. Wala hatudai posho ya kukosa kazi. Tumesoma sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016: inamjua mzee, inamjua aliyeumia kazini, inajua posho za familia. Aliyeachishwa kazi haimjui, nasi si watu wa kujitambulisha kwa nguvu.

Tunakuja kwa sababu ya hela zake. Mwajiri, tumtendee haki, alimlipa hesabu yake ya mwisho, franka kwa franka, dola kwa dola, na aliilipia benki kama sheria za watu wastaarabu zinavyotaka. Ziko huko. Jirani yangu hupita mbele ya mlango uliofungwa, pale Boulevard Kanyamuhanga, akienda kutafuta kibarua. Salio analiona kwenye simu, hadi senti. Watoto wakishindwa kulala humwomba awaonyeshe tena.

Utasema: azihamishie kwenye simu, atoe kwa wakala. Amejaribu. Mawakala wenye noti mkononi ni wachache, na mwenye noti ndiye anayepanga kamisheni. Njia ya pili ni kuvuka mpaka pale Petite Barrière hadi Gisenyi, yaani kwenda kutoa akiba yake katika nchi ambayo serikali yako inaituhumu kuwaunga mkono waasi, na kuiachia kamisheni huko huko. Akirudi salama, mwenye duka anainyanyua noti ya dola 20 juani, anapitisha ukucha pembeni, anakuta mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele, anamrudishia. Dola yenye kidonda Goma hailiwi.

Tunaelewa kwa nini benki zimefungwa, Mheshimiwa. Ni ili adui asishike fedha. Ni hoja nzito, na ndiyo maana tumeipima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba M23 ilikuwa ikikusanya walau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na madini ya koltani ya Rubaya. Koltani haipangi foleni benki. Anayepanga foleni ni mwalimu, muuguzi na jirani yangu, na hao ndio waliokatiwa fedha.

Mabwana wapya wa mji nao hawakutusahau. Tarehe 7 Aprili walifungua CADECO, taasisi ya akiba, tukakaribishwa kuweka akiba. Watu wasioweza kutoa walichotunza wakaombwa watunze zaidi! Na tarehe 30 Oktoba, huko Paris, dunia iliahidi zaidi ya euro bilioni 1.5 kwa ajili ya eneo letu. Tunashukuru sana. Tungependa tu kujua zitalipiwa benki gani.

Wakati mnajadiliana, familia imeanza kula garanti: miezi ile aliyomwekea mwenye nyumba alipoingia inaliwa mmoja mmoja badala ya kodi, na mwenye nyumba anahesabu nasi. Likelemba ya mama, kile chama cha kuchangiana kwa zamu, imevunjika, maana wanachama wote wanataka kupokea na hakuna wa kutoa. Mkono mtupu haulambwi. Imebaki Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wanaodai kwa mwezi mmoja riba ambayo benki hudai kwa mwaka. Hao hawajawahi kufunga, hata siku ya mabomu.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, mkubaliane na yeyote anayepasa kukubaliana nanyi, kwenye mazungumzo ya Doha, ya Washington au popote penye viyoyozi, ili mwenye akaunti Goma apate kutoa hela zake, hata kwa kiwango kidogo kila wiki, chini ya usimamizi wa mtu wa kati. Pili, kama kuna ada ya kutunza akaunti inayokatwa, isimamishwe: kwa mwaka huu akaunti zetu zimejitunza zenyewe. Tatu, mkishindwa yote hayo, mtupe cheti chenye muhuri kinachosema mwenye nacho si maskini, ila hela zake zipo vitani. Tutakionyesha kwa mwenye nyumba.

Jirani yangu hajakuomba sadaka, Mheshimiwa. Ameomba mshahara alioufanyia kazi. Aliyeuteka mji ataulizwa kuhusu mji; kuhusu hela za wenye akaunti, utaulizwa wewe.

Pokea heshima zetu kuu.

Mwandikia barua, Ndosho