Foleni ya Nairobi, Mfadhili Wetu

Foleni ya Nairobi haijapata kusifiwa kama inavyostahili. Wanaoizungumzia sana ni waliokaa ndani yake, na mtu wa hivyo huwezi kumtegemea kwa hukumu ya haki: ana njaa, amebanwa na haja, na mbele yake kuna matatu iliyojikunja kukatisha ubavuni. Shukrani inatupasa sisi tunaotoka Arusha na Moshi kwa pikipiki kwenda Kisumu, Busia na ng'ambo ya Uganda. Sisi foleni hiyo tunaiona kwenye ramani ya simu tu, nyekundu toka Mlolongo hadi Westlands, tukiwa Isinya na kikombe cha chai mkononi.

Kwanza, nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika maili ya 327, kwenye uwanda wenye majimaji, na wahandisi wakapiga kambi wavute pumzi kabla ya kukabili ukingo wa Bonde la Ufa. Kambi ikawa mji, mji ukawa makao makuu, na barabara nazo zikafundishwa kupita pale pale walipopumzikia mafundi reli. Lori la makontena linalokwenda Kampala linaitii kambi ile hadi leo. Kwa hiyo dereva anayegonga usukani pale mzunguko wa Nyayo ajue kwamba amesimama kwenye msafara ulioanza kabla babu yake hajazaliwa.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Tandaza ramani. Ukitoka Namanga kwenda Narok, Nairobi iko konani: unapanda kaskazini hadi Athi River, unaingia jijini, unatokea Waiyaki Way, kisha unateremka Mai Mahiu kurudi tena kusini-magharibi. Watu walipita hivyo miaka na miaka bila kuuliza. Foleni ndiyo iliyotuinamisha juu ya ramani, na tulipoinama tuliona jambo la aibu. Pale Isinya kuna lami inayokata kushoto hadi Kiserian. Kiserian na Ngong ni majirani. Na Ngong kuna lami nyingine inayoporomoka bondeni hadi Suswa, kwenye barabara ya Narok. Njia ya kukwepa haina hata urefu wa ziada wa kulalamikia! Bila foleni tungekuwa tunazunguka hadi kiyama, tukiamini tumenyoosha.

Na mwalimu huyu hafundishi kwa chaki. Kutoka Isinya unapita mbuga za Kajiado, punda na madumu yao ya maji, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka kwa sababu wao ndio wenyeji. Vilima vya Ngong vinakuja taratibu mbele yako, na mitambo ya umeme wa upepo imepangwa mgongoni mwavyo. Mitambo hiyo haikuwekwa pale kwa urembo. Ukishaanza kuteremka kwenda Suswa unaelewa: upepo unakupiga ubavuni, unalaza pikipiki upande mmoja ili iende moja kwa moja, na chini yako bonde lote limefunguka, Longonot kulia na Mlima Suswa mbele. Treni ya SGR, ilipofunguliwa kuelekea huko mwaka 2019, iliona bora ipite chini ya Ngong kwa handaki la zaidi ya kilomita nne. Abiria wake wanawahi, maskini.

Serikali ya Kenya nayo imetusaidia kwa namna yake. Mwaka 2022 ilifungua barabara ya kulipia inayopita juu ya foleni, kilomita 27, toka Mlolongo hadi Westlands, na pikipiki zikapigwa marufuku. Wenzangu wengine walinuna. Mimi nilipumua, maana tungeruhusiwa kupita kule juu, nani angekumbuka tena kukata kushoto Isinya?

Hapa mtu mwenye akili atauliza: kwani pikipiki si hupenya? Bodaboda wa Nairobi akiwa na abiria wawili na godoro hupita kati ya basi na kioo cha gari la jirani bila kugusa kitu. Swali ni zuri, ndiyo maana halipendwi kijiweni kwetu. Pikipiki ya safari ndefu hufungwa masanduku ya alumini pande zote mbili, hema, jiko, dumu la petroli na tairi la akiba ambalo halijawahi kuvishwa, mpaka upana wake unaikaribia Vitz. Mwenyewe alinunua chombo kilichoumbwa kupenya foleni, kisha akalipa fedha za ziada kukinyima uwezo huo. Mtu wa namna hii anaihitaji foleni kuliko foleni inavyomhitaji yeye.

Inampa pia mazungumzo. Safari yenyewe huisha, lakini kuipanga kunaweza kula msimu mzima wa mvua. Kijiweni kwetu yupo mzee ambaye haamini hata Isinya. Kwake iko karibu mno na hatari. Yeye anapendekeza Singida, Shinyanga, Mwanza, Musoma na kuvukia Sirari, kwa kuwa njia ya mkato ya Ngorongoro na Serengeti hairuhusu pikipiki.

"Mzee wangu, huko si mbali sana?" kijana mmoja alimuuliza.

"Mbali na nini?"

Hakuna aliyejibu. Huyo ndiye mkwepaji halisi: anaikwepa Nairobi akiwa Shinyanga.

Sitaji sana faida za uchumi, ingawa fundi pancha wa Isinya na wachoma nyama wa Kiserian wangeweza kuja kutoa ushahidi. Fedha ambazo zingeungulia jijini kama petroli ya kusimama zinabaki kwao, pamoja na mifupa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba foleni haimwachi mtu. Nairobi ilijenga barabara za mchepuko kusini, mashariki, kaskazini na magharibi ili kuipunguza, nayo ikazitembelea moja baada ya nyingine, ikapata marafiki wapya wenye malori. Kitengela inaishi. Ngong imekwishapanga chumba, na jioni utaiona Kiserian ikinunua nyama pamoja na watu wengine. Isinya haijafika, ila viwanja vinauzwa kwa kasi na mabango yameshasimama.

Kwa hiyo tumeanza kupanga upya, na mzee wa Sirari amesogeza kiti karibu na meza. Kidole kimewekwa Kajiado, kikafuata reli ya Magadi kupitia Maili 46 hadi penye ziwa la magadi lenyewe. Zaidi ya hapo lami imekwisha na mbele umesimama ukingo wa Nguruman. Mzee ameuliza maswali mawili: nani atabeba petroli na nani atasukuma. Wa petroli amepatikana.