Kiti cha Kuangalia Duke

Pwani ya kusini haina shida ya mahali pa kuachia pesa. Shuka Ukunda pale njia panda, na kabla hujamaliza kuwakataa wenye tuktuk utakuwa umepita duka la kubeti, wakala wa M-Pesa, duka la kubeti jingine, kisha wakala mwingine kwa ajili ya waliosahau kutoa za kutosha. Shida yetu ni mahali pa kukaa ukaangalia hicho ulichokiwekea pesa. Nasema hivi baada ya uchunguzi nilioufanya Machi 2025, tena ndani ya Ramadhani, kwa sababu ya mpwa wangu wa Msambweni.

Kijana huyu amemaliza Kidato cha Nne na sasa kazi yake ni kurefuka. Alikuja kwetu Mvindeni kwa kisingizio cha kufuturu na jamaa, tukamkaribisha. Futari ya pili haijashuka vizuri, akatoa la moyoni: "Mjomba, Duke wanacheza. Twende wapi tukawaone?"

Akanieleza. Kila Machi Wamarekani huzikusanya timu 68 za mpira wa kikapu za vyuo vikuu, wakazitia kwenye mtoano. Ukifungwa mara moja, funga mizigo. Duke ni chuo cha North Carolina, na mwaka huo kilikuwa na mtoto wetu ndani: Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, baada ya familia yake kukimbia vita. Urefu wake mita 2.18. Mpwa akilitaja jina hilo hunyoosha mgongo.

Nami sikuwa na neno juu ya Sudan Kusini. Julai 2024, jijini London, watabiri waliwaandikia kipigo cha zaidi ya pointi 40 mbele ya timu ya taifa ya Marekani. Wakawatoa jasho mabilionea wale hadi LeBron James alipotupia kikapu cha kuwaokoa zikiwa zimebaki sekunde 8: 101 kwa 100. Watu wa namna hiyo unawafuata hata saa tisa za usiku.

Na hapo ndipo penye mkasa, saa. Sisi tuko mbele ya Wamarekani wa mashariki kwa saa saba wakati huo wa mwaka, kwa hiyo mechi wanayoiangalia baada ya chakula cha jioni sisi inatukuta mashuka yametupanda kichwani. Wenzetu hawana dhiki hiyo. Tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta sheria iliyoyazuia majimbo mengi yasihalalishe kubeti michezo, biashara imetapakaa, lakini mkereketwa wa kweli bado hufunga safari ya Las Vegas. Huko mtu huchagua kasino kama sisi tunavyochagua ukumbi wa harusi: viti vikoje, skrini ina ukubwa gani, meza inalipiwa mapema au la, choo kiko mbali kiasi gani. Mpwa alinionyesha picha. Watu wamelala kwenye makochi ya ngozi, miguu juu, ukuta mzima mbele yao ni mpira.

Nikamwambia haya, na sisi tuchague.

Tulianza na duka la kubeti, kwa kuwa liko karibu na haliulizi umevaa nini. Ukuta umejaa skrini, moyo ukatulia. Kumbe nyingine zina mpira wa kompyuta, timu zisizo na uwanja, wala kocha, wala mama wa mchezaji. Nyingine mbwa wanakimbizana. Na moja imeandikwa odi tupu. Kwenye hizo odi, kwa macho yangu haya, Duke na Arizona ilikuwapo! Nikamwuliza binti wa kaunta ataifungulia skrini ipi.

"Hiyo haionyeshwi, mzee. Hiyo ni ya kubeti tu."

Yaani pesa yangu inaruhusiwa kwenda Marekani, macho yangu yabaki Ukunda. Viti vyenyewe ni vya chuma, vimepigwa skrubu sakafuni, maana mteja aliyebakiwa na nauli tu ya kurudia Gazi huenda akaondoka na fanicha. Choo tulinyooshewa kidole: msikitini. Na duka hufungwa saa nne usiku, ilhali mechi ni saa 10:39 alfajiri.

Anayekaa vizuri humo ni mmoja tu, na hata mlangoni hajawahi kuonekana. Wakati ule serikali ilikuwa ikichukua asilimia 15 ya kila unachoweka, na ukibahatika, asilimia 20 ya ushindi. Agosti 2025 ikaja sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Karibu miaka 60 tumengoja, nami nilitarajia angalau kifungu kimoja juu ya viti.

Basi kasino. Diani kuna barabara ya ufukweni yenye hoteli mpaka macho yanachoka, na katika mojawapo kuna kasino. Nilikwenda baada ya tarawehe, kupeleleza skrini tu, na hilo nilimweleza dereva wa bodaboda kabla hajaniuliza. Askari wa getini akanitazama kuanzia juu, macho yakakwama kwenye kikoi.

"Mzee wangu, ndani ni suruali ndefu na viatu vya kufunga."

Huku nyuma yake anapita mzungu wa makamo na kaptula na ndara, mkononi kinywaji. Na duka la zawadi la hoteli hiyo hiyo lina kikoi dirishani, tena kwa bei ambayo Kongowea ungepata vitatu na ukarudishiwa chenji. Nilirudi kesho yake na suruali ya harusi. Skrini ipo, kubwa, nzuri, inaonyesha gofu bila sauti. Nikaomba ibadilishwe.

"Rimoti iko kwa meneja."

Meneja yuko wapi? Amelala. Soda niliyoagiza ili nisionekane mzururaji sitaitaja bei, maana mke wangu husoma safu hii. Wala sikukaa. Mashine za sarafu zilikuwa zikilia kila upande, na sioni vipi mtu atamsikia mtangazaji humo.

Asubuhi nilikuta habari imenitangulia kijiweni. "Mzee, umeshinda ngapi?" Mwezi wa toba! Nikawaambia nilikwenda kuangalia kikapu. Wakacheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki. Lakini jina la Maluach liliwavuta, na mpwa akapata darasa. Wao wakamtajia Samuel Abisai, aliyebashiri mechi zote 17 za jakpoti ya SportPesa mwaka 2017 akabeba milioni 221. Mpwa akawajibu kwamba mwaka 2014 tajiri Warren Buffett alisimama nyuma ya shindano la dola bilioni moja kwa atakayebashiri mechi zote 63 za vyuo bila kukosa hata moja, na hakuna aliyefika.

"Ala!" akasema mwenye pikipiki ya buluu. "Basi alikuwa akituonyesha tu."

Mangweni, kule kwa wanywa mnazi, sitaeleza kwa kirefu. Kuko wazi usiku kucha, viti vya kutosha, kivuli cha mwembe, ila runinga hakuna, na kwa mwezi ule hata kupita njia ya karibu ni kujitafutia maneno.

Likabaki banda la video. Hapo nilikuwa na imani napo: viingilio vya shilingi chache, mbao za kukalia, ratiba kwa chaki ubaoni. Mwenyewe nilimkuta akifagia. King'amuzi anacho, chaneli za michezo za Kimarekani anazo. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza nani atalipa. Nikasema mimi na mpwa. Akaendelea kufagia. Hata tulipofika nusu fainali, Duke na Houston, alfajiri ya Jumapili tarehe 6 Aprili, alikataa kwa hoja kwamba jioni yake kuna Manchester mbili na hataki kuichosha mashine. Banda lilijaa jioni hiyo, watu wakapandana mabegani, jasho, kelele, na mechi ikaisha bila bao, 0–0. Nilisimama nje nikawahesabu mmoja mmoja wakitoka na nyuso zao. Mimi alfajiri nilikuwa nimeona pointi 137.

Niliziona wapi? Kwenye simu ya mpwa, iliyoegemezwa chupa ya chai. Huo ndio ukumbi wetu uliopatikana mwishoni. Arizona tuliiangalia hivyo hivyo wakati wa daku, mahamri mkono mmoja, mkono mwingine ukizuia simu isianguke, na adhana ya alfajiri ikaingia kipindi cha kwanza hakijaisha. Kilichobaki tulikiangalia kinywa kikavu. Duke 100, Arizona 93. Mke wangu akauliza kama hao Duke wanajua kuna watu wamelala. Ile ya Houston ilikuwa balaa. Duke waliongoza kwa pointi 14 zikiwa zimesalia dakika nane na ushei, mpwa akaenda kuoga kabisa, akarudi na taulo akakuta Houston 70, Duke 67, na bando limekwisha. Kwa hivyo filimbi ya mwisho tuliisikia kwa maandishi.

Kwa yote haya sitaki makochi ya ngozi. Nataka benchi lenye egemeo, skrini inayoonekana bila miwani, chai ya tangawizi, na choo ambacho si cha imamu. Nimerudi kwa mwenye banda. Safari hii ameniwekea masharti: nimletee watu thelathini, walipe kabla, na umeme wa usiku uwe juu yangu. Mama muuza mahamri amekubali, mradi aruhusiwe kukaangia mlangoni. Kijiwe kizima cha zamu ya usiku kimejiandikisha, nao sharti lao ni moja: lazima Maluach awepo. Tangu Juni 2025 kijana huyo yuko NBA, amechukuliwa na Phoenix, na vyuo amevipa mgongo. Nitawaambia wakishalipa.