Sapraizi ya Shangazi

Siri yetu ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ndivyo sapraizi inavyoandaliwa kwetu Kisarawe: kwanza kamati, halafu kundi la WhatsApp la michango, halafu siri yenyewe inajadiliwa kwa sauti kubwa pale gengeni, mbele ya mafungu ya nyanya.

Shangazi alikuwa anatimiza miaka 70, kwa mujibu wa kitambulisho. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa korosho zikiokotwa, yaani Oktoba na kuendelea. Karani akamwandikia Julai mosi, yakaisha.

Keki iliagizwa Gongo la Mboto. Ikapakiwa kwenye bodaboda, ikapita Pugu, ikapanda vile vilima vya msitu. Iliondoka ya ghorofa mbili, ikafika ya ghorofa moja na nusu. Vijana nao walikuwa na ndoo za maji tayari, maana siku hizi besdei bila kuloweshwa haijanoga. Kamati ikapiga marufuku: mzee ana kifua.

Jioni tukajificha sebuleni, taa zimezimwa, watoto wamezibwa midomo. Tatizo ni kwamba sisi ni watu wa adabu. Kila aliyeingia alivua viatu: kandambili, makobazi, raba, hadi viatu vya kisigino vya binamu wa Kibaha, vyote vikarundikana barazani.

Sasa mtu wa Pwani akikuta lundo la viatu mlangoni kwake, ndani giza, nyumba kimya, anaelewa jambo moja tu. Shangazi hata hodi hakupiga. Alijifunga kanga kiunoni, akakaa chini, akaangua kilio.

“Yarabi! Nani jamani? Msinifiche! Ni kaka?”

Kaka mwenyewe, yaani baba yangu, alikuwa nyuma ya kabati na puto mkononi. Tukatoka mbio tukipiga kelele, “Sapraizi!” Kumwona marehemu wake anaibuka gizani na kofia ya karatasi, Shangazi akaongeza sauti.

Majirani walikuwa wameshafika, kina mama wanatandika mikeka. Pilau lilipofunuliwa hakuna aliyeaga. Ila mzee mmoja alikuwa ameshamkabidhi mweka hazina rambirambi, shilingi 5,000, na baada ya sahani ya pili akaja kuidai. Mweka hazina akafungua daftari, akapitisha kidole.

“Mzee, hii imeshaingia kwenye soda.”